Picha Ukutani: Ifutwe au Iachwe?

Katika nyumba za askari ukuta una sheria yake. Aliyepata kukaa kambini anaijua vema: ukuta hupakwa chokaa, hauguswi kwa mkono wenye mafuta, wala hauchorwi kwa mkaa, kwa maana siku yoyote ukaguzi waweza kupita, na alama moja ya mtoto ikamletea baba yake aibu mbele ya wakubwa. Mtoto wa kambini hulijua jambo hilo kabla hajajua kuandika jina lake. Haishangazi basi kwamba mtu aliyelelewa au kutumikia humo, akikutana na picha ya ajabu iliyochorwa kando ya barabara, au akisikia kwamba kiti kilichoundwa kwa bunduki kimewekwa katika jumba la makumbusho huko Ulaya, jambo la kwanza limjialo si furaha. Hukunja uso, akauliza ni nani aliyetoa ruhusa.

Swali hilo si la kipumbavu hata kidogo. Wako watu waliosoma ambao humwona mwenye kuuliza hivyo kuwa mshamba, ilhali wao wenyewe wakisimama mbele ya kitu wasichokielewa hutikisa kichwa kwa adabu na kusema kwamba ni kizuri sana. Kati ya hao wawili, aliyekunja uso ndiye aliyetazama.

Ichukuliwe kwa mfano nyumba moja ya Vurra, kusini ya Arua, karibu na ile barabara ya lami itokayo mpakani mwa Kongo, ikapita Arua na Koboko mpaka Oraba kwenye mpaka wa Sudani Kusini, kilomita 92 kwa jumla. Mwenye nyumba ni koplo mstaafu, na majirani humwita afande mpaka leo. Mkewe ni mama wa makamo, hodari wa kusuka mikeka na makawa ya kufunikia chakula. Kila kiangazi, kazi ya shamba inapopungua, mama huyo hukandika upya ukuta wa nyumba kwa udongo uliochanganywa na mavi ya ng'ombe, kisha huupamba: mstari wa udongo mwekundu, mstari wa majivu, na chini kabisa rangi nyeusi. Mama mkwe wake alifanya vivyo hivyo. Hakuna aliyepata kuiita kazi hiyo sanaa, iliitwa usafi.

Siku moja koplo alikwenda Arua kufuatilia pensheni yake, akalala huko siku mbili. Aliporudi alikuta ukuta unaotazama barabara umechorwa picha kubwa kuliko mtu. Mchoraji alikuwa mpwa wake, kijana ajipatiaye riziki kwa kuandika mabango ya maduka na ya vinyozi. Picha yenyewe ilikuwa ya askari mwenye mguu mmoja. Amesimama kwa magongo mawili. Gongo moja ni la mti, na la pili ni bunduki iliyogeuzwa mtutu chini. Begani kuna jembe. Uso wa askari huyo ulipakwa rangi ya samawati, nao haukuwa na mdomo.

"Nani kakuruhusu?" koplo aliuliza, hata salamu hakutoa.

"Mama ndiye aliyenipa ukuta, mjomba."

Koplo alimgeukia mkewe. "Mama watoto, lete chokaa. Jua lisitue kabla kitu hiki hakijafutwa."

Sababu ya ghadhabu yake ilikuwa wazi kwa kila mtu wa kijiji kile. Nyumba ya tatu kutoka hapo anakaa rafiki yake, waliyeingia naye jeshini mwaka mmoja, ambaye alikanyaga bomu la kutegwa ardhini akapoteza mguu. Kila Jumapili wawili hao hukaa chini ya mwembe wakazungumza. Sasa watu wapitao wataona mlemavu mwenye uso kama wa mzuka amechorwa katika nyumba ya koplo, nao watasema kwamba koplo amemgeuza mwenzake kuwa kichekesho. Na je, mwenyewe akiiona?

Mama alileta ndoo ya chokaa akaiweka chini ya ukuta. Brashi hakuileta.

BUNDUKI ILIYOKATWA

Jioni ile binti yao, ambaye yu katika chuo cha ualimu na amechagua somo la sanaa, alikaa na baba yake akiwa na simu mkononi. Hakumbishia. Alimwonyesha tu picha ya kitu kimoja, akamwomba aseme ni nini.

Koplo alivaa miwani. "Hiki ni kiti," alisema. Kisha akasogeza simu karibu. "Hii hapa ya mgongoni ni G3. Na hii pia. Hizi za chini ni za namna ya AK. Wamezikata." Akanyamaza kidogo. "Nani aliyetia sahihi zikatoka ghalani?"

Pengine hilo ndilo swali la maana kuliko yote yaliyopata kuulizwa juu ya kiti hicho, na mtaalamu wa sanaa asingeliuliza. Jibu lake ni hili. Nchi ya Msumbiji ilikuwa katika vita vya wenyewe kwa wenyewe kutoka 1977 hata 1992, kati ya serikali ya FRELIMO na waasi wa RENAMO, na watu wapatao milioni moja walikufa kwa vita na kwa njaa. Vita vilipokwisha, bunduki zilibaki: chini ya vitanda, darini, mashimoni porini. Mwaka 1995 Baraza la Kikristo la Msumbiji, likiongozwa katika jambo hili na Askofu Dinis Sengulane wa Kanisa la Anglikana, lilianzisha mpango wa kubadilishana. Mtu aliyeleta bunduki alipewa cherehani, au baiskeli, au majembe, au mabati ya kuezekea; kijiji kimoja kilichokusanya silaha nyingi kilipata trekta. Silaha zilikatwakatwa zisiweze kupiga tena, na baadhi ya vipande wakapewa wasanii wa mjini Maputo.

Mmoja wa wasanii hao ni Cristóvão Canhavato, ajulikanaye zaidi kwa jina la Kester. Mwaka 2001 alivichomelea vipande hivyo akafanya kiti chenye mikono na mgongo mrefu, kikaitwa Kiti cha Enzi cha Silaha. British Museum ya London ilikinunua, na kati ya 2005 na 2006 kikazungushwa sehemu mbalimbali za Uingereza, hata mashuleni na gerezani, ili watu wasiokwenda makumbusho wakione. Kester hakupigana vita hivyo. Lakini ndugu zake wawili walipoteza miguu: mmoja, mwanamke, alikanyaga bomu la ardhini; wa pili, binamu yake, alipoteza mguu akipigana upande wa FRELIMO.

Binti alipofika hapo, koplo alivua miwani akaifuta, ingawa haikuwa na vumbi.

Jambo moja zaidi liliwashangaza. Kwenye vitako vile viwili vya G3 vilivyosimama juu ya mgongo wa kiti kuna matundu ya skrubu na mahali pa mkanda, navyo vimekaa mfano wa nyuso mbili zinazocheka. Kester mwenyewe hakuzichora nyuso hizo. Zilikuwamo katika bunduki tangu zilipotoka kiwandani. Koplo alikuwa amebeba bunduki miaka ishirini na miwili, akiisafisha kila siku, wala hakupata kuona uso. "Ehe," alisema, "kweli zinacheka." Na hakusema kama jambo hilo lilimpendeza au la.

Katika West Nile habari hizi si za mbali. Desemba 24, 2002, mjini Yumbe, serikali ya Uganda ilitia sahihi mkataba wa amani na wapiganaji wa UNRF II, na watu waliotoka msituni wakarudi majumbani. Wazee wa Arua na Koboko wanajua maana ya kijana anayerudi nyumbani mikono mitupu, akatafuta cha kushika badala ya bunduki. Jembe lililochorwa begani mwa askari yule ukutani halikuwekwa hapo kwa kujaza nafasi tu, na koplo, ijapokuwa alikuwa amekasirika, alikuwa ameliona.

Uganda yenyewe inayo kazi ya namna hii, nayo ni kubwa. Katika maktaba kuu ya Chuo Kikuu cha Makerere imesimama sanamu ya mti iliyochongwa na Francis Nnaggenda, mwalimu wa uchongaji chuoni hapo, katika miaka ya 1980. Jina lake ni Mhanga wa Vita. Ni umbo la mtu aliyepoteza viungo, mti wenyewe umeachwa na makovu, uso si uso wa mtu fulani ambaye jirani angemtambua. Lakini amesimama wima. Wanafunzi hupita hapo na vitabu vyao kwapani. Nnaggenda alijua kabisa kuchonga mtu mwenye viungo vyote vilivyokaa mahali pake, kama wachongaji wa soko la watalii wajuavyo. Hakuchonga hivyo kwa kuwa mtu aliyekuwa akimfikiria hakuwa amebaki hivyo.

Na yafaa kukumbuka kwamba mageni huzoeleka. Nguzo ya Uhuru iliyoko Kampala, kazi ya Gregory Maloba ya mwaka 1962, ni ya mama aliyefungwafungwa kama kwa bendeji akimwinua mtoto juu. Kwa mtu aliyetazamia sanamu ya mkuu juu ya farasi, hiyo nayo ilikuwa ajabu. Leo wapita njia huitazama kama watazamavyo mti uliokuwapo siku zote.

MKEKA UNAOLALA UKUTANI

Zamu ya mama ilifika baada ya chakula. Binti alimwonyesha picha za maonyesho makubwa ya sanaa ya mji wa Venice katika Italia, yaliyoanzishwa mwaka 1895, ambako mataifa huwa na vyumba vyao. Uganda ilishiriki kwa chumba chake yenyewe kwa mara ya kwanza mwaka 2022, kwa kazi za wasanii wawili, Acaye Kerunen na Collin Sekajugo, na majaji wakaipa sifa maalumu pamoja na Ufaransa. Sekajugo alitumia nguo ya magome ya mti. Acaye Kerunen alitumia vitu ambavyo mama wa Vurra anavijua kwa vidole vyake kuliko kwa macho: nyuzi za mgomba, mabua ya mtama, matete, majani ya mitende, mikeka na vikapu vilivyosukwa na akina mama wa sehemu mbalimbali za Uganda, kisha vikakunjwa, vikaunganishwa, na kutundikwa ukutani au kuning'inizwa darini.

Mama aliitazama picha kwa muda mrefu.

"Mkeka ni wa kulalia," alisema hatimaye. "Mkeka ukiwa ukutani, analala nani?"

Koplo alicheka kwa sauti, akidhani amepata mtu wa kumuunga mkono. Lakini mama hakuwa anacheka. Yeye alijifunza kusuka angali msichana mdogo, uhamishoni upande wa Aru katika Kongo, wakati watu wa West Nile walipokimbia mapigano ya 1979 na 1980. Mkeka mmoja, kazi ya siku nyingi, ulibadilishwa kwa mihogo ya siku chache. Mtu aliyekula kwa njia hiyo hawezi kuuona mkeka kama pambo. Kila mstari kwake ni saa, na kila saa ina mgongo uliouma.

Kisha akauliza swali la pili, nalo lilikuwa kali kuliko la kwanza: "Na aliyeusuka ni nani? Jina lake limeandikwa wapi?"

Hapo binti ilimbidi kueleza kwa uangalifu. Acaye Kerunen hasemi kwamba amesuka kila kitu kwa mkono wake. Huwataja waziwazi akina mama wasukaji kuwa ndio wenye ujuzi, naye hufanya kazi pamoja nao. Na Uganda iliporudi Venice mwaka 2024, naye Kerunen akiwa ndiye mpangaji wa maonyesho, kikundi cha wasukaji kiliorodheshwa miongoni mwa washiriki, sambamba na wasanii wenye majina kama Sanaa Gateja, ambaye hutengeneza kazi zake kwa shanga za karatasi zilizokwisha tumika. Shanga hizo nazo zajulikana na kila mtu katika Uganda. Akina mama wangapi wamelipa karo za watoto kwa kusokota karatasi za magazeti na mabango! Gateja ni mmoja wa watu waliowafundisha wengi kazi hiyo, na yeye mwenyewe huzishona shanga kwa maelfu juu ya nguo ya magome mpaka zikawa picha yenye upana wa ukuta.

Mama aliposikia habari ya kikundi kutajwa aliitika kwa kichwa. Hakusema kwamba sasa ameipenda kazi ile. Aliitaka simu tena, akaikuza picha kwa vidole viwili kama binti alivyomfundisha, akatazama ukingo wa mkeka. "Huyu ajua kufunga ukingo," alisema. "Huyu wa kushoto alikuwa na haraka."

Watu wengi huambiwa kwamba sanaa ya kisasa haiwahusu kwa kuwa hawakuisomea. Ni kinyume. Ikiwa kazi imefanywa kwa mikeka, msukaji ndiye mwenye haki ya kwanza ya kuihukumu; ikiwa imefanywa kwa bunduki, basi ni askari. Hukumu yao yaweza kuwa ya kukataa, na ikikataa kwa sababu ya haki ni hukumu njema kama ile ya kukubali.

Binti, kwa kuwa alikuwa ameona wazazi wanachangamka, aliwaonyesha na ndizi. Kila mtu amepata kuisikia habari hii: Mwitaliano Maurizio Cattelan alibandika ndizi mbivu ukutani kwa utepe wa gundi katika maonyesho ya Miami, Marekani, mwaka 2019, ikauzwa kwa dola 120,000. Msanii mwingine aliibandua akaila mbele ya watu. Novemba 2024 nakala moja ya kazi hiyo iliuzwa tena kwa mnada mjini New York kwa dola milioni 6.2, na aliyeinunua naye akaila. Nyumba nzima iliangua kicheko. Koplo alitaka kujua kama mkungu mzima ungepunguziwa bei.

Lakini habari hiyo inao mkia. Ndizi iliyouzwa siku ile ilikuwa imenunuliwa katika kibanda cha matunda kilicho jirani na nyumba ya mnada, kwa senti 35 tu. Muuzaji alikuwa mzee mhamiaji, mwajiriwa wa kibanda. Waandishi wa habari walipomfuata na kumweleza ndizi yake imefika wapi, mzee yule alilia. Mama alipoambiwa hivyo aliacha kucheka. Alisema kwamba huyo ndiye aliyeielewa, akaondoka kwenda kuosha vyombo.

KONSTEBO NA SHERIA YA UKUTA

Ilikuwa bado mapema, na jirani mmoja, konstebo wa polisi, alipita kumsalimu koplo. Alisimama kwanza nje akamulika picha kwa kurunzi kutoka juu mpaka chini.

"Ukuta huu ni wako, afande?"

"Ni wangu."

"Na aliyeuchora alipewa na mwenye nyumba?"

Koplo alimtazama mkewe. "Alipewa," alisema kwa shida.

"Basi hapana kesi."

Konstebo alisema kweli, na vijana wapendao kuchora kuta yawapasa kuyashika maneno yake. Ukuta una mwenyewe. Anayeuchora bila idhini ameharibu mali ya mtu, hata kama picha yake ni nzuri, na askari amkamataye hatendi kosa. Katika kambi ya wakimbizi ya Bidibidi huko Yumbe, iliyofunguliwa 2016 na kupokea Wasudani Kusini zaidi ya 200,000, shirika la Artolution limechora kuta pamoja na wakimbizi wenyewe, watoto na watu wazima, mchana kweupe.

Hata hivyo kuna michoro ambayo sheria peke yake haitoshi kuipima. Nairobi, Februari 2012, kundi la wasanii wakiwa na mpiga picha Boniface Mwangi walichora usiku, karibu na soko la City Market, tumbusi aliyevaa suti akiwa amekaa kitini kama mkubwa. Kulipokucha watu walijaa pale, wengine wakicheka, wengine wakiwa na hofu ya kuonekana wakicheka. Aliyemjua tumbusi hakuhitaji kufafanuliwa. Wako waliosema ni matusi kwa viongozi, na wako waliosema ni kweli tupu. Na polisi wa doria, ambaye mshahara wake ni ule ule wa wananchi wanaosoma, naye pengine alisoma kabla ya kuwatawanya.

Na katika Kibera, mwaka 2008, mambo yalikuwa mazito zaidi. Baada ya uchaguzi wa Desemba 27, 2007, Wakenya zaidi ya 1,100 waliuawa, nyumba zilichomwa, na jirani alimkimbia jirani. Mchoraji mmoja wa Kibera, Solomon Muyundo, ajulikanaye kwa jina la Solo 7, alichukua rangi na brashi akaanza kuandika maneno ya kuwasihi watu walinde amani: juu ya kuta, juu ya mabati, juu ya lami ya barabara, mahali pengi ajabu. Hakungoja idhini ya mwenye ukuta, kwa kuwa wenye kuta wengine walikuwa wamekimbia. Maandishi yenyewe hayakuwa ya kupendeza. Herufi kubwa, rangi ya haraka. Lakini wenye maduka walioona kwamba penye maneno yale palisalimika walimwita aje aandike na kwao. Konstebo aliijua habari hiyo. Alisema kwamba angekuwa zamu Kibera siku zile, asingemkamata Solo 7. Labda angemshikia kopo la rangi. Halafu akaongeza haraka kwamba hayo ni maneno ya nyumbani, si ya kituoni.

Usiku ule koplo hakufuta picha, ila alisema kwamba ni kwa sababu ya giza. Ndoo ya chokaa ilibaki pale pale.

ALFAJIRI

Rafiki yake alikuja asubuhi mapema kabla ya mtu kumwita. Habari zilikuwa zimekwisha mfikia, kama zifikavyo kila mahali ambako watoto huchota maji. Alisimama barabarani kwa magongo yake, akautazama ukuta. Koplo alitoka nje akiwa na shati halijafungwa vifungo.

"Ndugu yangu," alianza, "nilitaka kuifuta jana hiyo hiyo. Kijana huyu hana adabu."

Mwenzake hakujibu. Alisogea, akanyosha gongo moja mbele, akagusa ukuta penye mguu.

"Kijana yuko wapi?"

Mpwa aliletwa, macho chini.

"Mguu wangu uliokatika ni wa kushoto," mzee alimwambia. "Wewe umeukata wa kulia. Na hili gongo ni fupi. Gongo la mtu mrefu lafika kwapani. Hili lako laishia mbavuni, ningeanguka kabla ya kufika sokoni. Umepata kutazama mtu akitembea kwa magongo?"

"Nimetazama, mzee, lakini kwa mbali."

"Basi nitembee, utazame."

Akatembea kutoka mwembeni hadi barabarani na kurudi, polepole, mara mbili, wakati kijana akichora kwa kipande cha mkaa kwenye ubao wa sanduku. Watoto walikusanyika. Lori la mizigo lililokuwa likielekea mpakani lilipunguza mwendo, na utingo akachungulia kutoka juu ya maturubai.

"Na uso huu wa samawati ni wa nini?" mzee aliuliza aliporudi.

Kijana aliona haya. Rangi ile ilikuwa imebaki kutokana na bango la duka la dawa, na hakuwa na fedha za kununua nyingine. Mdomo nao alikuwa hajafika. Alikuwa akingoja nyekundu.

Watu walicheka, koplo miongoni mwao. Mzee alicheka pia, kisha akautazama tena uso ule usio na mdomo.

"Rangi unaweza kubadili," alisema. "Mdomo usiuweke. Miezi ile ya hospitali sikuwa na la kusema na mtu. Mkeo, koplo, anakumbuka. Alikuwa akiniletea uji, nami simjibu."

Mama alikuwa amesimama mlangoni. Alisema anakumbuka.

Kijana aliomba siku mbili za kurekebisha. Koplo akapewa nafasi ya kutoa amri yake naye, kwa kuwa nyumba ni yake. Alifunga vifungo vya shati, akauendea ukuta, akaonyesha bunduki. Ikiwa picha lazima ibaki, alisema, basi na silaha ichorwe ipasavyo, maana hapa wanapita askari, na sanduku la risasi la AK halipindi kurudi nyuma kuelekea kitako kama pembe ya mbuzi mgonjwa. Lapinda kwenda mbele. Akataka mkaa, akamchorea kijana mwenyewe, palepale juu ya ukuta wake safi.

Chokaa ilitumika chooni.